Jembe lilale wapi? Namna ya kujenga kichanja cha mbao cha zana kwenye nyumba ya tofali za tope

Kaya nyingi za Kishapu zina kichanja cha vyombo nje ya jiko. Bwana afya akipita huwa anakiulizia, na mama mwenye nyumba hukionyesha bila aibu. Sahani zina mahali pake na sufuria zina mahali pake. Lakini uliza jembe linalala wapi, utapata majibu mengi: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, limechomekwa juu ya kenchi, limeegeshwa pembeni mwa mkeka wa watoto.

Wiki hii katika kipindi chetu cha kilimo msikilizaji mmoja alituuliza hivi: "Nimepigilia misumari mara tatu ukutani nitundike majembe yangu, na mara zote tatu imeng'oka na udongo wake. Nifanyeje?" Muda wa hewani haukutosha kumjibu vizuri. Majibu kamili ni haya hapa. Yasome polepole, na kama unaye kijana anayejua kushika msumeno, msomee.

Swali hilo mimi linanigusa. Nilipokuwa darasa la tatu, baba alipigilia ubao kwenye ukuta wa chumba tulicholala watoto, akatundika majembe matatu na panga. Ulikaa tangu kiangazi hadi mvua zilipoanza. Usiku mmoja, ukuta ukiwa umelowa kwa nje, ubao uling'oka na kila kitu chake. Mdogo wangu alikuwa amelala chini yake. Panga lilimchana juu kidogo ya jicho. Leo ni mama wa watoto wawili, na kovu bado liko kwenye nyusi. Kwa miaka mingi tulisema ubao ule ulikuwa mbovu. Ubao haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kuutegemeza kwenye ukuta usioweza kuubeba.

Kwa nini msumari unang'oka

Tofali la tope lina nguvu ya kubeba kitu kilicho juu yake. Ndiyo maana linabeba paa miaka na miaka. Lakini halina nguvu ya kushikilia kitu kinachovutwa kutoka ndani yake. Msumari unashikwa na kile kinachoubana pande zote. Kwenye mbao, nyuzi zinaubana. Kwenye tope kavu, kila unapogonga nyundo unavunja udongo kuzunguka msumari, na tundu linakuwa pana kuliko msumari wenyewe.

Kisha kuna suala la mwendo. Jembe halikai tu pale, linatolewa asubuhi na kurudishwa jioni. Kila mara msumari unatikisika kidogo, na vumbi linadondoka chini. Tena mzigo ukikaa mbele ya ukuta unauvuta msumari kwa nje, kama mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo. Kadiri mzigo unavyokaa mbali na ukuta, ndivyo unavyovuta kwa nguvu zaidi.

Kwetu kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya Kishapu ina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu unavimba mvua ikinyesha na kunywea wakati wa kiangazi, ndiyo maana utaona nyumba nyingi zina nyufa kwenye kona na juu ya milango. Ukuta unaocheza hivyo haufai kuwekewa mzigo wa msumari. Hata nyumba ya tofali za kuchoma, kama imejengwa kwa tope badala ya saruji, ina udhaifu huo kwenye maungio.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni moja, na ukiishika utafanikiwa hata kama vipimo vyako vitatofautiana na vya kwetu: sakafu ndiyo ibebe uzito, ukuta uegemewe tu, na kenchi izuie kichanja kisianguke mbele.

Vifaa unavyohitaji

Nilikwenda kwa fundi seremala mmoja pale Mhunze asubuhi mapema.

"Wangaluka, baba."

"Wangaluka, mwanangu. Umekuja kwa kitanda au mlango?"

Nikamwambia nataka kichanja cha majembe. Alicheka, kisha akaweka randa chini.

"Miaka yote hii watu wananiletea kazi ya vitanda na milango. Jembe linalowalisha, hakuna aliyewahi kulitafutia pa kulala."

Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Kwa kichanja cha majembe matano utahitaji:

- Mbao ya mbili kwa nne, futi 12, moja. Utaikata katikati upate nguzo mbili za futi 6.
- Mbao ya mbili kwa mbili, futi 12, moja. Hii ni ya mapau ya kulala.
- Mbao ya moja kwa sita, futi 12, moja. Hii ni ya ubao wa kutundikia na vishikio vyake.
- Misumari ya inchi 4, robo kilo, na ya inchi 2 na nusu, robo kilo.
- Waya wa kufungia, mita 4.
- Mawe mawili bapa, kila moja pana kuliko kiganja.

Zana za kazi ni msumeno, nyundo, patasi, futi kamba na penseli. Timazi unaweza kuitengeneza kwa uzi na jiwe dogo.

Mbao za msonobari zinatosha kwa kazi hii, na ni nyepesi kukata. Nyingi zinazouzwa nchini zinatoka kwenye mashamba ya miti ya kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi. Tafadhali usiingie kwenye ngitili kukata nguzo. Wazee wetu wanakumbuka mkoa huu ulivyokuwa umebaki mtupu kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kuanza mwaka 1986. Ngitili zilirudi kwa sababu watu walikubali kuziacha. Kichanja kimoja hakifai kuturudisha nyuma.

Unapochagua mbao dukani, iinue uiangalie kwa urefu kama unayelenga manati. Iliyopinda iache. Bonyeza kwa kucha, na ikiacha maji au alama ya kina, ujue ni mbichi, itapinda ikishakauka ukutani kwako.

Hatua kwa hatua

Kwanza, pima zana zako kabla ya kukata chochote. Chukua jembe lako kubwa kuliko yote, pima upana wa bapa lake, unene wa mpini na urefu wake. Vipimo vifuatavyo vinafaa kwa jembe la kawaida lenye mpini wa futi 4 hivi. Kama lako ni kubwa zaidi, ongeza nafasi.

Pili, tengeneza fremu. Kata nguzo mbili za futi 6. Kutoka kwenye mbao ya mbili kwa mbili kata mapau mawili, kila moja futi 5 kasoro inchi 2. Laza nguzo chini sambamba, upande mwembamba wa inchi 2 ukitazama juu. Pau la kwanza liweke juu ya nguzo zote mbili, usawa wake wa juu ukiwa futi 5 kasoro inchi 1 kutoka miguuni. Pau la pili liweke futi 1 kutoka miguuni. Ncha za mapau zilingane na upande wa nje wa nguzo. Pigilia misumari miwili ya inchi 4 kila maungio.

Ili mbao isipasuke, geuza msumari uugonge ncha yake kidogo mpaka iwe butu kabla ya kuupigilia. Msumari wenye ncha kali unatenganisha nyuzi za mbao. Ulio butu unazikata. Fundi wangu alisema vijana wengi humwaga misumari na mbao kwa kutojua jambo hilo dogo.

Kipande cha mbili kwa mbili kilichobaki, cha futi 2 na ushee, kikate katikati. Vipande hivyo vipigilie mshazari kwenye kona za chini, kimoja kila upande, ili fremu isiyumbe kama kitanda kibovu.

Tatu, tengeneza ubao wenye meno. Kata futi 5 kutoka kwenye mbao ya moja kwa sita. Kwenye ukingo wa mbele weka alama katika inchi 10, 20, 30, 40 na 50. Kila alama ni katikati ya nafasi moja ya mpini. Kata kwa msumeno mistari miwili iliyoachana inchi 2, ikiingia ndani inchi 3 tu. Usizidishe, kwa sababu sehemu ya nyuma inayobaki ndiyo itakayolala juu ya pau. Kisha weka patasi mwisho wa mistari na ugonge. Kipande kitatoka kwa urahisi kwa sababu hapo unafuata nyuzi za mbao. Lainisha kingo kwa tupa au msasa ili zisikwaruze mikono.

Nne, tengeneza vishikio viwili. Kata vipande viwili vya inchi 10 kutoka kwenye ile moja kwa sita. Kata kona moja ya chini kwa mshazari ili isimgonge mtu begani. Vipigilie kwenye upande wa nje wa kila nguzo, misumari mitano ya inchi 2 na nusu kila kimoja. Inchi 4 zishike nguzo na inchi 6 zitokeze mbele, usawa wa juu ukilingana na usawa wa juu wa pau. Sasa laza ubao wenye meno juu yake. Nyuma unakaa juu ya pau, ncha mbili zinakaa juu ya vishikio. Pigilia.

Mbao iliyobaki ya futi 5 ifanye shubaka dogo juu kabisa ya nguzo, la kuwekea tupa, jiwe la kunolea na kabari za mipini.

Tano, simamisha. Chagua ukuta usio na ufa na ambao hakuna anayelala chini yake. Weka mawe mawili bapa, yasawazishe, kisha simamisha miguu ya nguzo juu yake, inchi 2 kutoka ukutani. Kichwa cha fremu kiguse ukuta. Kwa njia hiyo kichanja chenyewe kinaegemea nyuma.

Sita, funga. Hatua hii usiiruke. Majembe yakishatundikwa yanakaa mbele ya nguzo, kwa hiyo yanakivuta kichanja chote mbele. Zungushia waya, uliokunjwa mara mbili, juu ya kila nguzo, upeleke mpaka kwenye kenchi au boriti iliyo karibu, kisha ukaze kwa plaizi. Kama kenchi iko mbali, toboa ukuta kwa nondo usawa wa kichwa cha nguzo, pitisha waya, na upande wa nje uufunge kwenye kipande cha mti cha futi 1 kilicholazwa ukutani. Kipande hicho kinasambaza mvuto kwenye tofali nyingi, hivyo tofali moja haliwezi kung'oka.

Saba, jaribu. Kabla ya kutundika jembe hata moja, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji katikati ya ubao. Hiyo ni kilo 20, zaidi ya majembe matano. Iache usiku kucha. Asubuhi angalia kama waya umelegea, mguu umeteleza au msumari umetoka. Kama kuna kilichosogea, kirekebishe, ujaribu tena.

Kutundika

Pitisha mpini kwenye nafasi kutoka mbele, kichwa cha jembe kikae juu ya ubao na makali yatazame ukutani. Mtu akipita gizani akajigonga, atagusa mpini, si makali. Ncha ya mpini itakuwa futi 1 hivi kutoka sakafuni, mbali na unyevu na mchwa. Shoka nalo linakaa hivyohivyo.

Panga na mundu visikae wazi. Panga lishonee ala ya ngozi au ya mpira wa tairi, kisha litundike kwenye msumari juu kabisa ya nguzo. Msumari huo uko kwenye mbao, kwa hiyo utashika.

Plau ya ng'ombe usiipandishe. Ni nzito mno kwa kichanja hiki. Ilaze chini juu ya mawe, nira na minyororo pembeni yake.

Kabla ya kutundika, kwangua udongo wote na upake chuma mafuta kidogo kwa kitambaa. Udongo unaobaki kwenye jembe unashika unyevu, na unyevu ndio unaoleta kutu. Eneo letu la ziwa lilijua thamani ya chuma zamani sana, tangu Warongo wa upande wa Geita walipokuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe. Wakati huo jembe lilikuwa mali ya kutolea mahari. Hakuna aliyeliacha kwenye tope.

Mchwa

Mawe chini ya miguu ni kinga ya kwanza. Mchwa hupanda kupitia kwenye udongo, na akilazimika kupita juu ya jiwe anajenga kinjia cha tope ambacho utakiona. Paka oili chafu ya gari kwenye miguu ya nguzo tu, urefu wa kiganja kimoja kutoka chini, na uiache ikauke nje kabla ya kuingiza fremu ndani. Usipake juu ambako mikono inashika. Mara moja kwa mwezi pita na tochi, angalia nyuma ya nguzo mahali kichwa kinapogusa ukuta. Ukiona kinjia cha tope, kikwangue siku hiyohiyo.

Bomba la dawa halikai hapa

Wapo watakaosema: hapo pembeni pana nafasi, tundika na bomba la kupulizia pamba. Hapana. Hata likiwa tupu, bomba lina mabaki ya dawa kwenye mpira, kwenye kifuniko na kwenye mikanda. Likikaa ndani, watoto wanalishika, na mvuke wake mnaupumua wote usiku.

Najua kwa nini watu huweka dawa na bomba chumbani. Wanaogopa wizi. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini ina jibu. Tafuta tranka ya zamani ya shule, ile ya bati yenye kufuli. Iweke juu ya mawe kwenye stoo ya nje inayofungwa, mbali na jiko, ghala la chakula na kisima. Dawa ikae humo, ndani ya chupa yake yenye lebo, na ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda wala ya maji kwa sababu yoyote. Mtoto hajui kusoma harufu, anajua kusoma chupa.

Bomba lisuuze mara tatu, maji yake uyamwage shambani ulikopulizia, kisha ulitundike hukohuko stoo likiwa wazi kifuniko ili likauke. Nunua viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu nchini, na ufuate lebo. Mtu akimeza dawa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya, na uichukue chupa yenye lebo ili mganga ajue ni dawa gani.

Kwa anayejenga nyumba sasa

Kama ndiyo kwanza unapandisha ukuta, kazi yako ni rahisi zaidi. Ukifika usawa wa kichwa cha nguzo, laza kipande cha mbao ngumu kilichokauka ndani ya kozi, mahali pa tofali, kimoja kila upande wa pale utakapoweka kichanja. Ukuta ukishakauka, kichwa cha nguzo utakipigilia kwenye mbao hizo badala ya kukifunga kwa waya. Uzito bado uache ubebwe na sakafu.

Na kama ukuta wako ni wa matofali ya saruji, unaweza kutumia skrubu na plagi zake za plastiki moja kwa moja ukutani. Lakini pita kwanza na nyundo ukigongagonga. Mahali panapolia wazi kama ngoma, hapana saruji ya kutosha.

Wakati mzuri wa kazi hii

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa mwezi Mei. Kuanzia hapo mpaka mvua za Novemba majembe yanapumzika, mbao zinakauka vizuri, na angalau kuna hela kidogo mkononi. Toa bei ya mbao tatu na misumari kabla hela haijapata safari nyingine. Ukianza saa mbili asubuhi na kijana mmoja wa kukushikia, jioni utakuwa umekwishatundika ndoo ya maji ya kujaribia.

Kabla hujalala leo, chukua tochi upite pale watoto wanapolala. Angalia kilicho juu ya vichwa vyao na kilichoegeshwa pembeni. Kama kuna jembe au panga, lihamishe usiku huuhuu, hata kabla hujanunua mbao.